Muulize Mama Hakimu: Wakala, bastola na ukuta wa bati

Barua za silaha zimekuwa nyingi kuliko za viwanja na talaka, jambo ambalo halijatokea tangu nianze safu hii. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana mwenye barua ameuliza waziwazi jambo ambalo wengine wanalizungukazunguka.

*Shikamoo Mama Hakimu. Mimi ni wakala wa fedha hapa Mbagala Rangi Tatu, nina laini za mitandao yote pamoja na mashine ya benki. Ramadhani iliyopita, saa tatu usiku nikiwa nafunga, walikuja watu wawili na bodaboda. Mmoja alibaki juu ya pikipiki ikiunguruma, mwenzake akaniingizia bastola dirishani. Nikawapa begi. Ndani mlikuwa na mauzo ya siku nzima na fedha za tajiri wangu ambazo sikuwa nimezipeleka. Mpaka leo namlipa kidogo kidogo. Rafiki yangu mwenye duka Kariakoo anamiliki bastola kihalali, amesema atanionyesha njia ya kuomba. Mke wangu amekataa kabisa, anasema siku silaha ikiingia ndani yeye anatoka. Nina miaka 34, sijawahi kufungwa, pombe situmii. Je, sheria inaniruhusu? Na kwa nini iniwekee milima mimi, wakati jambazi haombi leseni kwa mtu? Kwa maoni yako wewe, mpaka uwekwe wapi: nani awe na silaha, nani asiwe nayo?*
*Wakala, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza nikutoe hofu ya jambo ambalo hukuliuliza lakini nalisoma katikati ya mistari: kutoa lile begi hakukuwa woga. Nimesikiliza kesi za unyang'anyi wa kutumia silaha kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na mashahidi waliosimama kizimbani kunisimulia walikuwa ni wale waliotoa begi. Wengine habari zao zilisomwa na daktari.

Sasa sheria. Inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Ndiyo, unaweza kuomba. Umri wa chini ni miaka 25, wewe umeshavuka. Safari inaanzia serikali ya mtaa wako, inapanda kata, inafika wilayani ambako polisi na kamati ya ulinzi na usalama wanakujadili, kisha mkoani na kwa msajili. Utachukuliwa alama za vidole. Utatakiwa uthibitishe kwamba unajua kuitumia silaha na una mahali salama pa kuitunza. Ukipewa, unapewa wewe kwa jina lako, kwa silaha hiyo yenye namba hiyo. Silaha za kufyatua mfululizo, kama hizo SMG wanazobeba askari, raia hapewi, na katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 nchi za ukanda wetu, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kwamba raia asimiliki hata raifo zinazojipakia risasi zenyewe.

Usije ukadanganywa na sinema kwamba silaha ni haki yako unayonyimwa. Wamarekani wameiandika katika katiba yao tangu mwaka 1791, na bado wanagombana mahakamani maana yake ni nini. Sisi hatukuandika hivyo. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo ukienda kituoni ukalalamika kwamba barabara yenu haina taa na doria haipiti baada ya saa mbili, unadai kitu ambacho Katiba inakupa. Ukienda kuomba bastola, unaomba kibali. Hayo ni maombi mawili tofauti, na nashangaa watu wanavyolikimbilia la pili kabla hawajachoka na la kwanza.

Unasema jambazi haombi leseni. Kweli kabisa. Lakini mwanangu, umejiuliza bastola yake ilitoka wapi? Tanzania hatuna duka la silaha la majambazi. Nyingine zilivuka mipaka ya magharibi kutoka kwenye vita vya majirani. Magobore hutengenezwa na mafundi wa kienyeji. Na nyingine zilikuwa za watu wenye leseni, wenye kasiki, wenye vyeti vyote, mpaka usiku mmoja zikachukuliwa. Unakumbuka Stakishari, Ukonga, Julai 2015? Kile kilikuwa kituo cha polisi, chenye askari waliofunzwa na zamu ya usiku. Wavamizi waliua, wakaondoka na silaha. Unakumbuka Agosti 25, 2021, jirani na ubalozi wa Ufaransa? Mtu mmoja aliua polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi mchana kweupe, na nchi nzima ikamwona kwenye simu akitembea barabarani na bunduki alizowapora waliokufa. Kama bunduki inaporwa mikononi mwa askari, kibanda chako cha wakala kitaizuia na nini? Mtaa ukishajua una bastola, na mtaa hujua kila kitu, utakuwa na vitu viwili vya kuibiwa: fedha na bastola. Na bastola kwao ina thamani kuliko mauzo yako ya siku.

Sasa nikupeleke kibandani kwako, ambako najua hujapafikiria vizuri kwa sababu ya uchungu. Unakaa nyuma ya wavu wa nondo, umeinama, unahesabu noti huku ukisoma ujumbe kwenye simu. Anayekuja ameshaitoa yake. Ya kwako iko droo ya chini au kiunoni, ina usalama umefungwa. Ili uitumie lazima uwe umemtambua mtu kuwa ni jambazi kabla hajajitambulisha, na kwa saa moja jioni ya Mbagala watu wenye kofia na barakoa wanaokuja dirishani kwako ni wangapi? Utamwelekezea bastola kijana aliyekuja kutoa elfu tano ya mama yake.

Tuseme umeiwahi. Umefyatua. Ukuta wa kibanda chako ni bati na mbao, wa jirani ni bati na mbao, na nyuma yake yuko mama ntilie anakaanga samaki na watoto wamekaa kwenye benchi. Risasi ya bastola haisimami kwenye bati. Watu wa Masaki wanaoandika kuhusu silaha majumbani hawalioni hili, kwa sababu wao wana kuta za tofali na uwanja wa maua katikati. Ramani ya mtaa wako peke yake ingetosha kunifanya nikunyime leseni, hata kama wewe binafsi ungekuwa malaika.

Na baada ya mlio? Vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu vinakupa haki ya kujihami, kumhami mwenzako na hata mali, na katika hali kama ya unyang'anyi haki hiyo inaweza kufika mpaka kuua. Wengi wanaishia kusoma hapo. Kinachofuata ni kwamba nguvu uliyotumia lazima iwe ya lazima na ya kadiri, na imani yako kwamba uko hatarini iwe na msingi. Mwizi aliyegeuka anakimbilia bodaboda akiwa amekupa mgongo, ukampiga hapo, hukujihami. Nani ataamua ilikuwaje? Si wewe. Utalala ndani, silaha itachukuliwa, jalada litafunguliwa, na likiandikwa mauaji ujue shtaka hilo halina dhamana. Hata kama mwisho Mahakama Kuu itakuachia, duka litakuwa limekufa na watoto wameshahamishwa shule. Nimewaona watu waliokuwa na haki yao yote, wakaipata ikiwa imechelewa sana.

Basi mpaka uwekwe wapi? Umeniuliza mimi, nakujibu kama mimi, wala si kama sheria ilivyo leo.

Sipendi marufuku ya jumla. Mfugaji wa Kilosa ambaye simba anaingia zizini, mtu aliyetishiwa kwa jina na polisi wana jalada la vitisho hivyo, kampuni ya ulinzi yenye ghala na daftari la kutoa na kurudisha: hawa wana sababu ninayoweza kuiona na kuipima. Sababu ya "biashara yangu ni ya fedha" ni pana mno. Dar es Salaam nzima biashara ni ya fedha. Ningeanza na hapo: anayeomba aonyeshe hatari yake mahsusi, na aonyeshe kwamba alishajaribu njia nyingine.

Lakini hata hapo siyo mahali ambapo ningeweka mkazo. Sheria yetu ni kali mlangoni, halafu ikishakupa inalala. Ilipofanyika kazi ya uhakiki wa silaha hapa jijini mwaka 2016, ilibidi watu watangaziwe walete silaha zao zitazamwe, maana yake miaka yote katikati hakuna aliyekuwa anabisha hodi. Mtu anapewa leseni akiwa na miaka 30, ana kazi, ana ndoa, ana akili zake. Anafika 45, kazi imekufa, ameanza kulewa, anampiga mke. Bastola ni ileile. Ningetaka kila mara leseni inapohuishwa aulizwe upya kana kwamba ndiyo kwanza anaomba, na wa kwanza kuulizwa awe mwenza wake, aulizwe peke yake, ofisini, mume akiwa nje ya jengo. Siyo kusaini fomu sebuleni huku mwenye bastola amekaa kochi la pili.

Vituo vyetu vina Dawati la Jinsia na Watoto, na wanafanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa. Chumba cha tatu ukihesabu kutoka hapo yupo ofisa wa masuala ya silaha. Mama anakuja dawatini na jicho limevimba, analeta malalamiko, anapewa fomu ya matibabu. Ni nani anayevuka korido kwenda kuuliza kama mume ana silaha? Katika kesi zilizopita mbele yangu sikuiona korido ile ikivukwa. Mei 2022 kule Mwanza mfanyabiashara alimpiga mkewe risasi, kisha naye akajiua, nchi ikasikitika wiki mbili. Mimi mpaka wangu ungepita hapo: lalamiko la kipigo likifika dawatini, silaha inachukuliwa siku hiyohiyo na kuhifadhiwa kituoni hadi jambo litakapoisha. Akionekana hana kosa atarudishiwa. Mwenye leseni atanung'unika kwamba ameonewa. Anung'unike.

Nirudi kwako. Mkeo hajakutishia, ametoa ushahidi. Anaijua nyumba kuliko kamati ya wilaya. Fanya haya badala ya bastola: fedha taslimu usizilaze kwenye begi. Kila zinapojaa, zigeuze floti, yaani salio la laini zako, kwa wakala mkuu au benki, mchana, kwa saa zisizozoeleka, na mwenzako. Funga magharibi. Najua mauzo ya usiku ndiyo matamu, najua Ramadhani ndiyo watu wanatuma fedha baada ya kufuturu, lakini piga hesabu ya deni unalolipa sasa uone ni mauzo ya usiku mangapi. Muwe mawakala wanne watano wa barabara hiyo, mfunge saa moja, pamoja. Na tajiri wako aandikiane nawe hasara ya ujambazi ni ya nani, maana kukulipisha wewe peke yako bila makubaliano ya maandishi ni jambo ambalo nina hamu ya kulisikia akilieleza mbele ya hakimu. Niandikie kuhusu hilo, nitakujibu safari nyingine.

*Mama Hakimu, shikamoo. Mume wangu alifariki mwaka jana. Ameacha shotigani ambayo alikuwa akiwindia enzi za kazi yake mikoani. Iko juu ya kabati, imefungwa kwa kanga. Shemeji yangu anasema ni mali ya ukoo, aichukue yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwanangu wa miaka 19 naye anaitolea macho. Mimi naiogopa hata kufagia chumba kile. Nifanyeje?*
*Mjane, Kitunda*

Marahaba, na pole kwa msiba. Mambo mengi ya mirathi hujibiwa "inategemea." Hili halitegemei.

Leseni ilikuwa ya marehemu, nayo imekwisha naye. Hairithiwi kama shamba. Tangu siku ile mliyozika hakuna mtu katika nyumba yenu mwenye ruhusa ya kuishika silaha hiyo, si wewe, si mwanao, na shemeji ndiyo kabisa. Akiibeba akaenda nayo kwake, ajue anachobeba: kumiliki silaha bila leseni kwetu husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na mahakama zimewafunga watu miaka 20 kwa bunduki ambazo wao waliziita za babu. Mwambie hivyo kwa upole, mbele ya shahidi. Ukubwa wake katika ukoo uko palepale.

Usiifungue kanga. Usimtume kijana aipeleke. Zaidi ya yote, usiifunge kwenye kiroba ukapanda nayo daladala kwenda kituoni, ukidhani unatii sheria. Nimeshamwona mtu akikamatwa njiani kwenda kusalimisha. Chukua leseni ya marehemu kama unaipata na cheti cha kifo, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwende wote kituoni mtoe taarifa, na waombe polisi waje wenyewe kuichukua pamoja na risasi zake. Watafute na risasi hasa, maana wanaume wana tabia ya kuzificha mbali na bunduki: kwenye soksi, kwenye kopo la maziwa, ndani ya redio mbovu. Mkipokelewa, dai hati ya kupokea yenye namba ya silaha, na hati hiyo uiweke na karatasi za mirathi.

Msimamizi wa mirathi aiorodheshe kama mali, hilo ni sahihi kwa sababu ina thamani. Kama kuna mrithi anayeitaka kwa dhati, aombe leseni yake mwenyewe kuanzia mtaani kama mtu yeyote. Mwanao asubiri afike umri. Mrithi akikosa leseni, silaha inabaki serikalini au inapewa mtu mwenye leseni kwa utaratibu watakaowaelekeza. Usisubiri tangazo la msamaha. Ni kweli Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na serikali yetu imekuwa ikitangaza Septemba na Oktoba. Lakini wewe hujaficha kitu, umefiwa. Nenda wiki hii, na ukiulizwa umechelewa kwa nini, sema ukweli kwamba hukujua na ulikuwa unaogopa.

Kwa wasomaji wengine wenye silaha: waambieni wake zenu leseni iko wapi na risasi ziko wapi. Mkishindwa kuwaambia kwa kuwa hamuwaamini, basi tatizo si karatasi.

*Mama, nina miaka 22. Nilipita JKT, nimeshika bunduki, nimelenga shabaha, naweza kuifungua na kuifunga nimefumba macho. Napiga kura tangu nikiwa na miaka 18. Sasa kwa nini nisubiri 25 kumiliki? Huu siyo ubaguzi wa umri? Marekani vijana wa 18 wananunua dukani.*
*Kijana wa Tabata*

JKT hukushika bunduki peke yako, baba. Ulikabidhiwa saa fulani, uwanjani, na afande nyuma ya sikio lako, na jioni ikarudi ghalani ikahesabiwa. Uhodari wa kuifungua na kuifunga hauna uhusiano na swali la nani anaishi nayo, na anakuwaje siku ameachwa na mchumba.

Umenitajia Marekani. Sheria yao ya shirikisho inamruhusu muuzaji mwenye leseni kumuuzia mtu wa miaka 18 bunduki ndefu, bastola mpaka 21. Mei 24, 2022, mjini Uvalde, Texas, kijana aliyekuwa ametoka tu kutimiza miaka 18 aliingia shule ya msingi na raifo aliyoinunua kihalali, akaua watoto 19 na walimu wawili. Waingereza walipopata msiba wa namna hiyo Dunblane mwaka 1996, watoto 16 na mwalimu wao, mwaka uliofuata walipiga marufuku bastola kwa raia. Muuaji wa Dunblane alikuwa mtu mzima wa miaka 43 mwenye leseni, kwa hiyo umri pekee si dawa, nakubaliana na wewe. Australia mwaka huohuo wa 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, serikali ilinunua na kuharibu silaha zaidi ya laki sita. Marekani hawakufuata njia hiyo, na huko zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni watu waliojiua wenyewe. Hilo la kujiua ndilo linalonifanya niutetee umri wa 25. Miaka yako ni ya misukosuko ya ghafla inayopita. Mtu akipitia usiku mbaya bila silaha chumbani, mara nyingi asubuhi inamkuta hai.

Ubaguzi? Ni ubaguzi, ndiyo, wa aina ambayo sheria huifanya kila siku. Urais wetu unaanzia miaka 40 na sijawahi kupokea barua yako juu ya hilo.

*Mama Hakimu, kuna jirani yetu hapa Sinza, kila Ijumaa akikaa baa anaitoa bastola anaiweka mezani karibu na chupa, anasema inamuumiza kiuno. Wahudumu wanaogopa, mwenye baa hataki kumkera maana anatumia sana. Ni kosa?*
*Mhudumu*

Mamlaka iliyompa leseni inaweza kumnyang'anya, na ushahidi wako ndio wanaouhitaji. Nendeni wahudumu wawili au watatu mtoe taarifa kituoni, na mkiogopa kituo cha karibu kwa sababu anakunywa na wa hapohapo, nendeni ngazi ya wilaya. Tajeni siku, saa, meza. Mwenye baa mkumbusheni kwamba siku ikifyatuka, atakayehojiwa wa kwanza ni yeye.

Huyo jirani yenu, mimi nisingempa hata manati.

*Mama, mtaa wetu tuna ulinzi shirikishi. Baada ya magenge ya vijana ya Panya Road kututesa, tumechanga fedha tunataka tununue gobore moja au bunduki ya mtaa, walinzi wawe wanapokezana. Mwenyekiti yuko tayari kuitunza nyumbani kwake. Kuna tatizo?*
*Katibu wa kamati, Chanika*

Lipo, tena limejipanga. Leseni haina "mtaa," ina mtu au taasisi inayotambulika, na silaha haipokezanwi kama tochi. Atakayekutwa nayo usiku huo bila leseni yake ndiye atakayefungwa, na mliochanga mtaeleza mlichanga kwa ajili gani. Ibara ya 147 ya Katiba nayo inakataza mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Sisemi ninyi ni jeshi. Nasema vijana kumi wenye bunduki, hasira na giza, wakikutana na kijana wa mtaa wa pili anayerudi kazini, hawatamuuliza kitambulisho mara mbili. Wale Panya Road wenyewe walikuwa na mapanga. Ninyi ndio mtakaokuwa mmeleta risasi mtaani.

Fedha mliyochanga ina kazi. Wekeni taa kwenye zile kona mbili tatu ambazo kila mtu anazijua. Nunueni filimbi na koti za kung'aa, walinzi watambulike. Lipeni posho, kwa sababu ulinzi wa bure huisha mwezi wa pili. Kisha mwende kwa mkaguzi wa polisi wa kata yenu, mpeleke majina ya walinzi wote na ratiba yao, mchukue namba yake ya simu iwe kwenye simu ya kila mmoja pamoja na 112. Mkipiga asipokee, andikeni tarehe na saa. Mkishakuwa na orodha ya simu zisizopokelewa, ileteni kwa mkuu wa wilaya, na nakala mnitumie mimi.